Jezi Yenye Masizi Shingoni

Goli lililoipa klabu yetu ya Knockadreen kombe la kaunti la mpira wa magongo mwaka 1953 lilifungwa na kaka yangu, Fintan Delahunty. Klabu imelichukua goli hilo ikampa Malachy Guinan. Imeliandika hivyo katika kitabu chake cha historia, na Jumapili iliyopita imefunua jiwe lililochongwa hivyo kwenye lango la uwanja. Majina yako kumi na matano, na la kaka yangu halimo. Hilo ndilo kosa. Nimelitaja mwanzo ili mtu asije akadhani nalalamika ovyo.

Kinachonichanganya ni kwamba simwoni mwizi. Ningemwona ningejua la kumfanya. Walionitendea hivi ndio hao hao wanaonisalimu kila asubuhi nikienda kanisani, wanaoniletea viazi vipya kiangazi kikianza, waliobeba jeneza la mama yangu. Malachy mwenyewe ndiye aliyeniezekea banda la kuku upepo ulipoling'oa. Mtu wa namna hiyo utamwitaje?

Mimi naitwa Dympna. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alipofariki, kwa sababu ng'ombe hawakamuliwi na vitabu. Nasoma polepole, kwa kidole. Lakini siku ile ya fainali nilikuwepo, nimesimama nyuma ya goli, na macho yangu hayakuwa na kasoro.

Fintan alinitangulia miaka minne. Alikuwa na nywele nyekundu kama kutu ya jembe na masikio yaliyosimama kana kwamba anasubiri kuitwa. Hakuwa msemaji. Magongo yake ya kuchezea aliyachonga mwenyewe, kutoka chini kabisa ya shina, pale mti unapoanza kupinda kuingia kwenye mzizi, maana gongo lililokatwa mahali pengine hupasuka siku ya kwanza. Alikuwa akilipiga kwa kidole na kulisikiliza, kisha analitupa au analiweka. Mama alikuwa akipiga kelele kwamba nyumba imejaa vumbi la mbao mpaka kwenye siagi.

Majani yakianza kupukutika, magongo yaliwekwa darini, na vijana wale wale wakaingia kwenye mpira mkubwa, ule wa kudaka kwa mikono na kupiga teke, ndani ya tope lililofika kwenye vifundo vya miguu. Kwenye huo Fintan hakuwa na maana yoyote. Alicheza kama mtu anayefukuza kuku. Lakini klabu ni moja na parokia yetu ni ndogo. Ukiukataa mpira wa vuli umewapunguza wenzako kwenye magongo ya kiangazi. Kwa hiyo alicheza, akaanguka, akarudi nyumbani kama kitu kilichofukuliwa.

"Leo mmefungwa ngapi?" mama alikuwa akiuliza.

"Sikuhesabu, mama. Nilikuwa chini."

Kwenye magongo alikuwa mtu mwingine. Kile kimpira cha ngozi kilimfuata kama mbwa. Wazee waliokaa ukutani walikuwa wakiacha kuvuta mitemba yao akikishika.

Sasa, wakati ule ilikuwepo ile sheria. Mtu wa michezo yetu ya asili, yaani magongo na ule mpira wa kudaka, haruhusiwi kucheza soka, wala raga, wala kriketi, wala hata kuitazama. Ilikuwa michezo ya Waingereza, waliotutawala zamani. Walikuwepo watu wa kupeleleza, waliopita wakichungulia nani amesimama wapi. Siku hizi vijana wakisikia wanacheka, wanadhani nawatania. Lakini watu walifungiwa kweli, na waliaibishwa kweli.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule Fintan alipeleka vitoto vya nguruwe sokoni mjini. Mmoja hakununuliwa. Akirudi naye, amembeba kwapani ndani ya gunia, akapita kwenye ukuta mfupi ambapo nyuma yake watu walikuwa wanacheza soka. Akasimama. Ni hilo tu alilofanya. Alisimama, akatazama, nguruwe akiwa kwapani. Kuna mtu alimwona.

Aliitwa mbele ya kamati ya kaunti, na wazee wetu wakamsindikiza.

"Nani walikuwa wanacheza na nani?" mwenyekiti akamuuliza.

"Sijui, mheshimiwa."

"Nani alishinda?"

"Sijui. Nguruwe alikuwa ananikojolea kwenye buti."

Kamati nzima ilicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi. Kisha wakamfungia mwaka mmoja. Mpaka leo sielewi jinsi watu wanavyoweza kucheka hivyo na kufanya hivyo kwa pumzi moja, lakini baadaye nimeona mambo mengi ya aina hiyo kijijini kwetu.

Kiangazi kile Knockadreen walishinda, wakashinda tena, wakafika fainali, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu klabu ianzishwe na halijatokea tena. Fintan alitazama kutoka ukutani na wazee. Mshambuliaji aliyetubeba alikuwa Malachy Guinan, namba kumi na tatu, kijana wa nywele nyeusi mwenye macho mazuri. Siku chache kabla ya fainali Malachy alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa majani makavu, bega likachomoka.

Mwenyekiti wa klabu yetu alikuwa mzee Ned Loonam mwenye duka. Alikuja nyumbani kwetu jioni, kofia mkononi, akakaa karibu na moto bila kukaribishwa.

"Mama Delahunty, tunamwazima mwanao Jumapili."

"Mwanangu amefungiwa," mama akasema. "Mlikuwepo mkicheka."

"Fintan amefungiwa. Malachy hajafungiwa."

"Malachy ana nywele nyeusi, Ned."

"Nawe una bomba la moshi, mama."

Ndivyo ilivyokuwa. Wala hatukuwa watu wa kwanza. Kila klabu ya kaunti ile iliwahi kumleta mtu chini ya jina la mwingine, mmoja amevushwa kutoka Uingereza, mwingine ametolewa parokia ya jirani, na kila klabu iliapa kwamba haijawahi. Jumapili asubuhi, baada ya misa, mama alikwangua masizi ya bomba, akayakoroga na mafuta ya bata bukini, akampaka Fintan kichwa kizima mpaka kwenye nyusi. Juu yake akamfunga bendeji, na juu ya bendeji kofia. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Fintan alijitazama kwenye kioo akasema, "Malachy, kumbe wewe ni mbaya hivi?"

Malachy alikuwepo pale pale, mkono umefungwa kifuani, anacheka huku anauma meno. Ilibidi afichwe, kwa sababu mtu hawezi kucheza fainali na huku ameonekana njiani. Wakamweka katika chumba cha chini cha nyumba yetu, pazia limeshushwa, na mama akabaki kumlinda. Hakuna mtu mwingine aliyebaki kijijini siku ile isipokuwa hao wawili na wagonjwa.

Mvua ilianza kabla hatujafika mjini. Mimi na Peg, binti wa mzee Ned, tulijipenyeza mpaka nyuma ya goli la Ballyfarna, kwenye ukingo wa nyasi, karibu kabisa na wavu. Kipa wao alikuwa mtu mnene mwenye jezi ya njano, na mgongoni mwake kulikuwa na kiraka cha bluu kilichoshonwa kwa uzi mweusi, vibaya mno, kama kimeshonwa na mtu mwenye hasira. Namkumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa na mgongo wake mbele yangu kipindi chote cha pili.

Mvua iliponyesha kweli, masizi yakaanza kushuka. Yalitoka chini ya kofia, yakapita nyuma ya masikio, yakaingia kwenye ukosi wa jezi. Beki wa Ballyfarna aliyekuwa anamkaba akaona.

"Refa! Refa! Huyu mtu anachuja rangi!"

Refa alikuwa amelowa na amechoka. "Na wewe unachuja mdomo," akamwambia. "Cheza."

Tulikuwa nyuma pointi mbili, na dakika zilikuwa zinaisha; ni goli tu, lenye pointi zake tatu, lingetuokoa. Kimpira kikaja kutoka mbali, juu sana, kinashuka na mvua. Fintan alikidaka kwa mkono huku watu wawili wamemning'inia. Aligeuka. Sikuona gongo likienda, niliona tu mwili wake ukijikunja, kisha kimpira kikateleza juu ya nyasi chini kabisa, upande wa kushoto. Yule kipa alijitupa, na nikaona kiraka chake kikifumuka pembe moja. Kisha wavu ukavimba na kunirushia maji usoni. Peg alinikumbatia akapiga yowe sikioni mwangu: "Fintan! Fintan!" Nikamfunika mdomo kwa kiganja.

Nilipanda baiskeli nikarudi mbele ya wote. Malachy alikuwa mezani na bakuli la viazi, anamenya kwa mkono mmoja huku mama akikishikilia kiazi, na mama alikuwa amemsalisha rozari mchana kutwa. Alisimama, kiti kikaanguka.

"Sema!"

Nilimsimulia. Nilichukua chuma cha kuchochea moto nikakifanya gongo. Nilimwonyesha mpira ulivyoshuka, watu wawili walivyomning'inia, alivyogeuka, chini upande wa kushoto, kipa alivyojitupa, kiraka cha bluu chenye uzi mweusi kilivyofumuka pembe, maji ya wavu. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akaniambia tena, "Rudia, Dympna," na mama akacheka akasema tutauvunja uchaga wa vyombo. Nilisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kusimulia kitu chochote. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nimeshasema alikuwa na macho mazuri.

Jioni moto uliwashwa njia panda, kama unavyowashwa kombe linapoingia parokia. Lakini walikuja pia watu wa Ballyfarna, wamesimama pembeni na mikono mifukoni, wanahesabu nyuso. Klabu iliyoshindwa ina haki ya kuweka pingamizi, na kama wangejua, kombe lingeondoka kwetu. Kwa hiyo Malachy alitolewa kwetu kwa mlango wa nyuma, akavalishwa koti la kufunika bendeji, akabebwa mabegani. Bega lilikuwa linamuua. Alikuwa analia, na watu wa Ballyfarna wakadhani ni furaha. Na aliyeshika miguu yake, akimbeba, alikuwa Fintan, ameogeshwa na mama kwa sabuni ya kufulia, nywele nyekundu zinawaka mbele ya moto, anacheka kuliko wote.

Mzee Ned alipita kwa kila mmoja wetu. Kwangu alikuja akanishika sikio, si kwa nguvu.

"Dympna, midomo ifungwe mpaka pingamizi lipite. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mzee Ned."

Nilifunga.

Sijui pingamizi lilipita lini. Ballyfarna hawakuweka, au waliweka likatupwa. Watu walitaja moja na lingine. Baada ya hapo meneja wa kiwanda cha maziwa, mtu wa kutoka mbali, alisema angependa kumwajiri yule kijana wa goli. Wakampeleka Malachy. Wangempelekaje mwingine? Fintan alisubiri kidogo, akiwa mtu wa kusubiri, kisha akaenda Coventry, Uingereza, kuchimba mitaro.

Alirudi kila Krismasi. Kwenye baa ya dukani kwa Loonam watu walikuwa wakimwambia Malachy, "Eleza lile goli lako," na Malachy anacheka anasema, "Goli langu!" na wote wanamkonyeza Fintan. Ilikuwa mchezo. Mwaka uliofuata baadhi yao walikonyeza. Sijui ni Krismasi ipi kukonyeza kulikoma. Nimejaribu kuikumbuka, kwa sababu nadhani hapo ndipo goli lilipohama, lakini nilikuwa jikoni au nilikuwa na ng'ombe. Siku moja nilisikia tu Malachy akilieleza kwa vijana wadogo, na hakuna aliyecheka.

Nilimuuliza Fintan njiani, "Kwa nini husemi?"

"Niseme nini?"

"Kwamba ni lako."

"Kila mtu anajua, Dympna."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Kila mtu anajua. Alilisema kama mtu mwenye kitu kilichofungiwa mahali salama.

Mtaro ulimwangukia mwaka 1961. Aliletwa kwa meli, kisha kwa treni, na tulimpokea stesheni. Kwetu mchezaji akifa jeneza hufunikwa jezi ya klabu, na wenzake hutembea pande mbili mpaka makaburini. Mama alisimama mlangoni akisubiri jezi iletwe. Haikuletwa. Mzee Ned alikuwa ameshakufa, na kamati mpya ilisema kwa adabu kabisa kwamba jezi ya 1953 ni ya wale waliocheza, na kwamba marehemu kwa bahati mbaya alikuwa amefungiwa mwaka ule na baada ya hapo hakurudi klabuni. Waliyasema hayo watu waliokuwepo. Malachy alibeba jeneza mbele kabisa, kwa lile bega, na hakuna aliyelia kama yeye. Nilimtazama akilia nikashindwa kujua analilia nini.

Na ile sheria ya soka ilikuja kufutwa miaka kumi baadaye. Ilifutwa tu, kama mtu anayefuta meza. Leo ukiingia ukumbi wa klabu, televisheni iko juu ya kaunta, na Jumamosi inaonyesha soka ya Uingereza, na wale wajukuu wa wapelelezi wanapiga makofi. Chini ya televisheni kuna sanduku la kioo, na ndani yake ipo jezi namba kumi na tatu. Mama aliifua mara nyingi asifaulu; shingoni kuna doa jeusi mpaka leo. Kadi iliyowekwa chini inasema ni tope la fainali. Tope lililoingia ndani ya ukosi kutokea juu!

Mwaka huu chama cha michezo kinatimiza miaka mia, na kila klabu imeandika historia yake. Yetu imeandikwa na mwalimu Considine, mtu mwema aliyehamia hapa nikiwa mtu mzima. Peg Loonam alinisomea dukani kwake, ameegemea kaunta, miwani puani. Kuna ukurasa wa kila mtu, wa aliyepaka chokaa mistari, wa aliyechemsha chai. Mimi nimo, kwenye chai. Kisha akafika 1953, akasoma: mpira ulishuka na mvua, watu wawili wamemning'inia Guinan, chini upande wa kushoto, kiraka cha bluu cha kipa kikafumuka pembe.

"Acha hapo," nikamwambia. "Soma tena hilo la kiraka."

Akasoma.

"Peg, wewe ulikuwa na mimi. Ulipiga yowe la nani?"

Alivua miwani. "Aa, Dympna, mwenzangu, mambo ya zamani hayo."

"La nani?"

"Nilikuwa nimefumba macho nasali." Kisha akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. "Namkumbuka Malachy na ile bendeji yake kichwani. Unaikumbuka bendeji?"

"Malachy alichomoka bega, Peg, hakuumia kichwa!"

Aliacha kufuta. Ningesema alikuwa ananidanganya, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alifuata nini. "Basi ile bendeji ilikuwa ya nini?" akaniuliza mimi.

Nilikwenda kwa mwalimu. Alinipa kiti, akanipa chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Dada Dympna, nimeongea na watu wengi. Wote wamesema Malachy."

"Wote walikuwepo na wote wanajua."

"Sasa mbona miaka yote hii hukusema?"

"Niliambiwa ninyamaze mpaka pingamizi lipite. Hakuna aliyerudi kuniambia limepita."

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile bila kujua niliweke wapi. Alisema, "Na kama nikiandika, Ballyfarna watatucheka kaunti nzima. Kombe ni hilo moja tu, dada. Unataka tubaki na nini?"

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nilitoka nje sikujua kama nimenyimwa au nimebembelezwa. Nilikuwa nimemwomba jina moja liongezwe kwenye jiwe kabla ya Jumapili. Alisema jiwe limeshachongwa.

Jumapili lilifunuliwa. Padri alilinyunyizia maji ya baraka, watoto walipiga filimbi zao, na Malachy akapanda kwenye trela kusimulia. Mvi sasa, tumbo kidogo, macho yale yale. Na alisimulia vizuri. Mpira ulishuka na mvua. Mkono wake wa kulia ulipinda hewani kama ulivyopinda mkono wangu na kile chuma cha moto. Aliposema "maji ya wavu" alijifuta uso kwa kiganja, kama nilivyojifuta mimi mbele yake nyumbani kwetu. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilisisimka.

Alipokuwa anashuka nilimfuata mpaka pembeni ya lango.

"Malachy, umesimulia vizuri."

"Ahsante, Dympna. Wewe ndiye wa kunisifu, wewe ulikuwepo."

"Kiraka cha kipa kilikuwa wapi?"

"Mgongoni," akasema mara moja. "Cha bluu. Uzi mweusi, kimeshonwa kwa hasira."

"Na wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Mbele ya goli, nitasimama wapi tena?"

"Ulimwonaje mgongo?"

Akautazama uwanja, lile goli la mbali, kisha akajigusa bega polepole.

"Alijitupa," akasema. "Labda aligeuka."

"Ulikuwa chumba cha chini cha nyumba yetu, Malachy. Ulikuwa unamenya viazi. Mama alikuwa anakushikilia."

"Viazi?"

"Nilikusimulia mimi. Ukasema rudia."

Sijui niseme nini juu ya uso wake. Nilikuwa nimejiandaa kuona uongo, na sikuuona. Niliona mtu anayetafuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini ninakiona, Dympna. Kile kiraka. Hata sasa hivi ninakiona." Akanishika mkono, kana kwamba mimi ndiye ningeweza kumsaidia. "Fintan alikuwa ameshika miguu yangu. Alikuwa anacheka. Kwa nini alikuwa anacheka vile?"

"Babu! Njoo picha!" mjukuu wake mdogo wa kike akamwita kutoka kwenye jiwe.

"Nitakuja kwako," akaniambia. "Nitakuja tuongee." Akaenda, akasimama mahali walipomwonyesha, mkono juu ya jina lake, na alikuwa ananitazama mimi, si kamera. Mpaka leo hajaja.

Nimekaa na jambo hili nikaligeuza kila upande. Inawezekana si mwizi. Inawezekana goli nilimpa mimi mwenyewe, kwa chuma cha moto, nikiwa na miaka kumi na saba, naye akalitunza vizuri kuliko walivyomtunza kaka yangu. Lakini kitu alichopewa mtu kwa wiki moja hakiwi chake kwa kukaa nacho muda mrefu, na mwenye goli yuko makaburini bila jezi.

Kwa hiyo yaliyobaki ni haya. Klabu ya Knockadreen inadaiwa jina la Fintan Delahunty kwenye jiwe. Chini ya jina la mwisho nafasi ipo, nimeipima kwa kiganja. Inadaiwa pia ile jezi, itolewe kwenye kioo siku moja, ilazwe juu ya kaburi lake, kisha wairudishe wakitaka. Na Malachy Guinan anadaiwa kupanda tena kwenye trela lile, watu wakiwa wamekusanyika vile vile, aseme alikuwa wapi mchana ule na alikuwa anafanya nini. Akishasema hivyo, goli aendelee kulisimulia yeye. Analisimulia vizuri. Ila aanze kwa kusema, "Niliambiwa na Dympna."